Hatua Elfu Tisa za Marehemu

Siku aliyokufa, mzee wa ghala alitembea hatua elfu tisa mia mbili na kumi na nne, na kwa maelezo ya daktari zaidi ya nusu ya hatua hizo alizitembea akiwa ameshakata roho.

Inspekta aliusoma mstari huo mara tatu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na saba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na kituoni walimpachika jina la Mama Saa Ngapi kwa sababu swali lake la kwanza kwa kila mtu, awe mwizi wa kuku au mfiwa, lilikuwa hilohilo. Wenye midomo walisema hata siku ya harusi yake alianza kwa kumuuliza bwana harusi ametoka nyumbani saa ngapi. Yeye hakukanusha wala hakukubali.

Mezani pake zililala karatasi mbili zilizogombana. Ya daktari ilisema moyo wa mzee ulianza kumsaliti kama saa nne asubuhi, na kufika saa sita alikuwa maiti. Ya kiwanda cha magodoro ilisema bangili ya mzee ilikuwa ikichapa mwendo ghalani mpaka saa kumi jioni, kazi zilipofungwa. Bangili hiyo kila mfanyakazi alivalishwa anapoingia kazini. Ilihesabu hatua, ilijua uko chumba gani, na ikitulia dakika kumi ilipiga kengele mezani kwa msimamizi, naye hufika mbio kukuuliza umelala au umekufa.

Mwili aliukuta mfagiaji saa kumi na moja, nyuma ya mlima wa magodoro ya futi sita. Mzee alikuwa amelala chali juu ya godoro jipya lenye nailoni yake, viatu amevipanga pembeni, juu ya jicho ana jeraha dogo. Mkononi hakuwa na bangili. Polisi waliikuta ndani ya mfuko wa chakula wa dereva wa foklifti, jamaa mmoja mkubwa kama kabati aliyeitwa Winchi.

Sasa ilikuwa saa mbili asubuhi, na Winchi alikuwa mahabusu siku ya pili. Ikigonga saa nane mchana, Inspekta alitakiwa ama ampandishe mahakamani kwa kosa la kuua, ama amfungulie mlango.

Koplo hakuona ugumu. Alikuwa na shahidi aliyewasikia Winchi na mzee wakifokeana jioni ya siku ya kabla ya kifo, na Winchi akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka getini, kwamba atamburuta mzee kwa mikono yake. Jeraha lipo, ugomvi upo, bangili ipo. Koplo alishachonga na penseli.

Inspekta alimkuta Winchi ameketi sakafuni, magoti kifuani, kana kwamba anajaribu kuchukua nafasi ya mtu mdogo.

"Ulisema utamburuta mzee."

"Nilisema."

"Umburute umpeleke wapi?"

Winchi aliinua kichwa. Alionekana kushangaa kwamba kuna mtu ameuliza.

"Hospitali. Wiki nzima alikuwa anashika kifua, akiulizwa anasema ni kiungulia."

"Jana mbona hukusema hivyo?"

"Jana niliulizwa kama nilisema. Wapi sikuulizwa."

Kuhusu bangili, alifunga mdomo. Inspekta alimuuliza aliipata saa ngapi, kwa nani, mahali gani. Alimuuliza kwa upole, akamuuliza kwa ukali, akamkumbusha kwamba kesi ya kuua si kesi ya kuvuka taa nyekundu. Winchi alijibu kwamba anajua, na kwamba waandike watakavyo. Inspekta alipofika mlangoni, ndipo yule bwana aliposema neno la hiari yake, la kwanza na la mwisho.

"Afande, binti yake anapata usingizi?"

Inspekta alisema hajui. Lakini swali hilo alilibeba mpaka kiwandani, likimkereketa kama punje ya mchanga kwenye kiatu.

Ofisi ya meneja ilikuwa na ubaridi ambao ungeweza kutunza nyama kwa mwezi. Ukutani vyeti vitatu: ghala bora la mwaka, miaka mitatu mfululizo, kati ya maghala kumi na moja ya kampuni. Meneja, kijana mtanashati mwenye adabu zake, alieleza kwamba ndiye aliyeleta bangili, na tangu zije hakuna mtu wa ghala hili aliyepungukiwa hatua hata siku moja. Wazee kwa vijana, wagonjwa kwa wazima, wote walifikisha. Wageni walikuja na madaftari kujifunza. Alisikitika kwa msiba, na alionekana kusikitika kweli. Aliomba tu faili iandikwe kwamba marehemu aliondoka kituo chake cha kazi bila ruhusa, maana mtu aliyekutwa amelala juu ya bidhaa ni jambo gumu kulieleza makao makuu.

"Kwa namba zako hakuondoka," Inspekta alisema. "Saa tisa alasiri alikuwa anatembea."

Meneja alisema basi daktari amekosea, kwani namba haziwezi kudanganya. Inspekta alisema hata maiti haziwezi, na ndiyo maana amekuja.

Aliyemsaidia hasa alikuwa mtafiti wa chuo, mwanamke mwembamba aliyepewa meza kwenye kona ya stoo ya vifungashio. Miaka mitatu alikuwa akichunguza swali moja: kwa nini ghala hili linayashinda mengine kumi wakati watu, mashine na mishahara ni sawa? Alishaandika kurasa mia moja na arobaini, na jibu lake lilikuwa kwamba bangili huamsha bidii ya mtu. Inspekta alimwomba aiache bidii kando, amwonyeshe miguu.

Mtafiti alifungua kompyuta. Bangili, alieleza, hurekodi kila mtikisiko, na kwa kawaida hakuna anayeutazama mtikisiko mmojammoja. Watu hutazama jumla ya siku. Alipoikuza siku ya kifo, mstari wa mzee ulionekana wazi. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu, kwa hiyo mwendo wake ulichora hatua fupi, hatua ndefu, fupi, ndefu, na kila baada ya hatua arobaini hivi kimya cha sekunde tano.

"Hapo anafanya nini?"

"Anashika ukuta, anapumua. Nimemwona mara nyingi."

Saa nne na dakika kumi na mbili kuchechemea kulikatika. Bangili ilikaa kimya dakika sita, kisha ikaondoka na hatua ndefu za mtu mwenye miguu kama ngazi. Baada ya saa moja zikaja hatua fupifupi za haraka. Halafu nyingine, nzito. Mtafiti alivua miwani akaivaa tena. Alirudi kwenye siku za nyuma, mwezi wa nyuma, mwaka wa nyuma, kwa wafanyakazi wengine, na kila alipogusa alikuta mtu mmoja mwenye miguu ya watu wanne. Alilitazama lile rundo la kurasa mia moja na arobaini kama mtu aliyegundua amekuwa akimsalimia asiyemjua.

Kisha akaonyesha kwa kidole. Saa saba mchana kuchechemea kulirudi. Fupi, ndefu, fupi, ndefu, kwa karibu saa nzima.

"Hapa ni yeye," alisema. "Saa saba alikuwa hai."

Kama ndivyo, daktari alikosea, na mtu wa mwisho kuishika bangili alikuwa na mengi ya kujibu. Koplo, aliyefuatana naye na kusimama nyuma, alitoa penseli yake. Inspekta aliinama hadi pua ikakaribia skrini, akahesabu kwa kucha. Alihesabu mpaka mia nne na kumi na mbili.

"Ukuta uko wapi?" aliuliza.

Hawakumwelewa.

"Asubuhi anapumzika kila hatua arobaini. Saa saba, jua limepanda, mzee huyuhuyu anatembea mia nne bila kushika ukuta. Huyu anayaiga magoti ya mzee. Anayajua kwa kuyatazama, hayajui kwa kuyaumwa. Bangili ilikuwa chumba gani?"

"Chumba cha cherehani," mtafiti alisema. "Wanakoshona foronya za magodoro. Mzee hakuwa na kazi kule."

Inspekta aliingia ghalani peke yake. Watu walikuwa kazini, hakuna aliyemtazama zaidi ya mara moja, na aliowauliza walijibu kwa heshima maneno ambayo ungeweza kuyakung'uta yote usipate kitu. Basi aliacha kuuliza akaanza kutembea. Kwenye nguzo ya tatu, usawa wa bega, palikuwa na msumari. Nguzo zote zilikuwa na vumbi la sponji jeupe kama unga, ila pale kwenye msumari rangi ilikuwa imelambwa ikang'aa, kama kitasa cha mlango wa choo cha stendi.

Inspekta alivua saa yake ya mkononi, akaitundika kwenye msumari, akaenda kujibanza nyuma ya magodoro ya futi nne. Haikupita hata dakika tatu. Mpakiaji mmoja, mrefu, miguu kama ngazi, alipita na toroli lake, na bila kugeuza kichwa mkono wake ulinyanyuka, ukaichukua saa, ukaitia mfukoni, na toroli halikupunguza mwendo.

Inspekta alitokeza mbele yake.

"Saa ngapi, kaka?"

Mpakiaji aliitoa saa akaitazama, kisha akamtazama mwenye saa. Alikaa ukingoni mwa toroli. Wengine walisogea mmojammoja wakasimama kumzunguka; maana mambo yakishafika hapo, hakuna aliyetaka kumwacha azungumze peke yake.

Ilikuwa hivi. Bangili zilipokuja, wenye mimba, wenye malaria, na wazee wa magoti walianza kupungukiwa hatua na kuitwa ofisini. Ndipo likabuniwa jambo. Aliyezidiwa anatundika bangili yake msumarini, anaenda kujinyoosha nyuma ya magodoro. Anayepita anaichukua, anaitembeza saa moja, anairudisha msumarini au anampa mwenzake. Kubebana, waliita. Kwa miaka mitatu hakuna aliyebebwa akajulikana, na hakuna aliyekataa kubeba. Kanuni ilikuwa moja tu.

"Usiulize mwenyewe yuko wapi," mpakiaji alisema. "Ukibanwa na msimamizi, huna cha kusema, kwa sababu hujui."

Siku ile aliikuta bangili ya mzee msumarini saa nne na kitu akaibeba. Baada yake mama wa kubandika lebo, baada yake mwingine, na kila mmoja alifurahi moyoni kwamba leo mzee amepumzika vizuri. Kila mmoja alidhani aliyetangulia amemwona. Mama wa lebo alianza kulia bila sauti, vibandiko vimemganda vidoleni.

Inspekta aliuliza nani aliitunga kanuni ile. Walitazamana. Mpakiaji alisema ni mtu wa cherehani, na zaidi ya hapo hawakusema, hata alipongoja.

Saa saba kasorobo Inspekta alifika nyumba ya msiba. Uani palijaa viti vya kuazima, ndani wanawake wamekaa bega kwa bega. Alikaribishwa chai. Binti wa marehemu alikuwa amesimama katikati ya sebule, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, macho yamevimba, na alikuwa anawachekesha. Inspekta alijua mapema kwamba binti naye ni mwajiriwa wa kiwanda kilekile. Hakuwa ameuliza wa chumba gani.

Binti alikuwa anawaonyesha jinsi baba alivyokwenda kazini akichelewa. Alipinda goti la kushoto, akatupa bega mbele, akaondoka: fupi, ndefu, fupi, ndefu, kutoka mlangoni kupita sebule, akazunguka meza, akaingia ukumbini hadi jikoni na kurudi. Alikuwa ni mzee mtupu. Wanawake walicheka huku wakijifuta machozi kwa ncha za kanga.

"Ukuta umeusahau," shangazi yake alisema kutoka kwenye kona. "Ndugu yangu hajawahi kufika jikoni bila kuushika ukuta."

Kikombe cha Inspekta kiliganda hewani. Sasa aliijua maana ya swali la Winchi. Yule bwana alikuwa amekaa sakafuni siku mbili anajua kila kitu. Alishapiga hesabu yake mle ndani, na alikuwa radhi afungwe miaka kuliko kulitaja jambo la kubebana, kwa sababu likitajwa, binti naye atapiga hesabu. Na saa nane ilikuwa inakuja.

Alimwomba binti watoke nyuma, karibu na tangi la maji. Hakuzunguka.

"Uliichukua saa ngapi, mwanangu?"

Binti hakuuliza ni nini alichochukua. Alisema saa saba, alipotoka kula. Aliikuta msumarini, akaijua ni ya baba kwa plasta aliyoifunga pale kwenye kamba ilipokatika. Alifurahi. Alisema moyoni, leo kakubali kulala, nisimwamshe. Chakula chake alikifunika, akakiweka kando ya cherehani mpaka jioni. Na akatembea kama baba ili mashine isije ikashtuka. Saa nane alimkabidhi Winchi, mkononi, mlangoni pa chumba cha cherehani, na washonaji wote walimwona.

Inspekta aliandika yote, akamwomba atie sahihi. Binti aliuliza kwa nini Winchi anahitaji sahihi yake. Nyumbani aliambiwa wanamhoji tu kama wanavyohojiwa wengine. Alipoelezwa, alishika mdomo.

"Kwa hiyo hakuna aliyempiga baba?"

"Hakuna. Alipokuwa anainama kulala aligonga ubao wa kupangia magodoro; alama nimeiona ghalani. Wala hakuumia sana."

Mabega ya binti yalishuka. Siku mbili, alisema, alikuwa akimwona mtu mwenye chuma kila akifumba macho. Kwa muda kidogo pale penye tangi alikuwa mtu aliyetuliwa mzigo, na Inspekta alitamani awe mkosefu wa adabu aondoke palepale bila kuaga.

Alimpigia koplo, aliyekwisha kurudi kituoni. Ilikuwa saa nane kasoro dakika nane. Alimwambia amfungulie Winchi, maelezo yanakuja. Upande wa pili kukawa na minong'ono, kisha koplo akarudi, sauti imemshuka.

"Afande, anagoma kutoka. Anataka kujua ni nani amesema."

"Mwambie atoke tu," Inspekta alisema, akakata simu.

Binti alikuwa anaitazama sakafu ya saruji. Midomo yake ilicheza kidogo, kama ya mtu anayehesabu mishono. Alisema kanuni aliitunga yeye. Mwenzake mjamzito alifukuzwa kwa sababu msimamizi alimbana shoga yake, na shoga, masikini, hakujua kudanganya. Basi aliona dawa ni watu wasijue.

"Ingebaki mkononi mwake," alisema polepole, "ingelia baada ya dakika kumi. Msimamizi angekuja na matusi yake. Angekuja tu."

Inspekta alifunga daftari lake.

"Afande. Alianguka saa ngapi, na amekufa saa ngapi?"

Miaka thelathini na miwili kazini, hakuna aliyewahi kumgeuzia swali lake. Karatasi ya daktari ilikuwa ndani ya mkoba, imekunjwa mara nne, na ilisema alikaa hai zaidi ya saa nzima. Chini yake daktari alikuwa ameongeza mstari mmoja kwa mkono wake, kuhusu wagonjwa wa namna hii wanaowahishwa hospitali. Inspekta alivua miwani, akaufungua ule uzi, akaufunga tena.

"Hilo usiulize, mwanangu."

Binti alimtazama. Kisha akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepokea kitu mkononi. Alimshukuru kwa kuja. Akamwambia chai yake itakuwa imepoa, atamletea nyingine.

Aligeuka kurudi ndani. Kutoka tangini hadi mlango wa jikoni hapakuwa mbali, na alitembea wima, mtu mwenye magoti mazima. Alipofika katikati alisimama, akanyoosha mkono, akaweka kiganja ukutani.